Kuingiza koodineti za kiwanja kwenye AutoCAD bila pointi kukimbia: mwongozo kamili

Malalamiko yanayorudi ni matatu. "Nimeandika pointi zote nne, skrini tupu." "Pointi ya kwanza imekaa, ya pili sijui imeenda wapi." "Umbo limetoka, lakini limepinduka."

Mara nyingi anayelalamika hajakosea namba hata moja. Ameandika kilichopo kwenye ramani ya upimaji, ila programu imekisoma vingine na haikumwambia. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini ina mahali pa kuilazimisha programu ikusomee ilichoelewa. Usiruke sehemu hizo hata kama una haraka.

Nimetumia AutoCAD, programu ya kuchora michoro ya kitaalamu, kwa sababu ndiyo iliyoenea maofisini. AutoCAD LT, BricsCAD na ZWCAD hufuata mtindo uleule kwa sehemu kubwa. LibreCAD na QCAD nazo zinatumia alama @ na < kwa maana hiyohiyo, ila majina ya amri na mipangilio hutofautiana.

Unachohitaji mezani

- Ramani ya upimaji au orodha ya bikoni (alama za kona za kiwanja) yenye koodineti. Iwe karatasi yenyewe au skani safi. Picha ya WhatsApp iliyopigwa kwa pembeni inageuza 3 kuwa 8 na 1 kuwa 7, na hakuna amri ya AutoCAD itakayokuokoa.
- Eneo la kiwanja na urefu wa pande zake kama vilivyoandikwa kwenye ramani hiyo, kwa ajili ya uhakiki.
- Faili jipya lililofunguliwa kwa kiolezo cha metriki, acadiso.dwt.
- Excel au programu yoyote ya majedwali, kama pointi zinazidi kumi hivi.

Tutatumia kiwanja kimoja hadi mwisho. Nimekitunga mwenyewe, kwenye namba zinazoangukia Dar es Salaam, kwa hiyo usiende kumtafuta mwenyewe:

A: E 531204.310, N 9248417.560
B: E 531233.870, N 9248422.770
C: E 531237.340, N 9248403.070
D: E 531207.780, N 9248397.860

Eneo ni mita za mraba 600.41. Pande ndefu ni mita 30.016, fupi ni mita 20.003.

Hatua ya 1: Isome karatasi kabla ya kugusa kibodi

Tafuta mambo matatu: namba ipi ni E na ipi ni N, kanda gani (kipande cha dunia ambacho namba zinahesabiwa ndani yake), na datamu gani (msingi wa vipimo ambao namba zimejengwa juu yake).

E ni umbali kuelekea mashariki, na kwenye AutoCAD huingia kama X. N ni kuelekea kaskazini, huingia kama Y. AutoCAD inataka X kwanza. Orodha nyingi za wapima huanza na N, na faili nyingi zinazotoka kwenye mashine za kupimia hupangwa hivi: namba ya pointi, N, E, kimo, maelezo. Ukizinakili kwa mpangilio huo umeshageuza kiwanja.

Kwa Tanzania kuna njia rahisi ya kuzitofautisha. Kwenye UTM, mfumo wa koodineti unaoigawa dunia kwa kanda, E ina tarakimu sita kabla ya desimali, kwa sababu mstari wa katikati wa kila kanda umepewa mita 500,000. N ina tarakimu saba na inaanza na 8 au 9, kwa sababu ikweta imepewa mita 10,000,000 na nchi nzima iko kusini yake. Ukiona namba ya tarakimu saba imetangulia, ujue N imetangulia.

Msomaji wa Kenya asiitegemee kanuni hii kwa macho yaliyofumba. Kaskazini mwa ikweta N ni namba ndogo, na ramani nyingi za viwanja za zamani ziko kwenye mfumo wa Cassini, ambao namba zake hazifanani kabisa na hizi.

Kanda nayo si ya kukisia. Dar es Salaam na Arusha ziko kanda ya 37 Kusini, Mwanza na Dodoma kanda ya 36, Kigoma mjini kanda ya 35. Mpaka kati ya 36 na 37 ni longitudo 36 mashariki, kwa hiyo ukitoka Dodoma kuelekea mashariki huendi mbali kabla ya kuuvuka. Viwanja viwili vya jirani vilivyopimwa kwa kanda mbili vitatokea mamia ya kilomita mbali kwenye mchoro mmoja.

Datamu ndiyo inayowaliza watu kimyakimya. Ramani nyingi za upimaji za Tanzania ziko kwenye Arc 1960, wakati GPS ya mkononi na simu hutoa WGS 84. Tofauti kati yake katika eneo letu ni karibu mita 300 upande wa kaskazini-kusini, na karibu mita 100 upande wa mashariki-magharibi. Umbo litakuwa sahihi, eneo litakuwa sahihi, kiwanja kitakuwa mtaa wa pili. Usichanganye vyanzo viwili kwenye faili moja kabla ya kuvibadilisha. QGIS ni programu ya ramani ya bure na inafanya kazi hiyo; mifumo huitafuta kwa namba za EPSG: kwa kanda ya 37 Kusini, Arc 1960 ni EPSG 21037 na WGS 84 ni EPSG 32737.

Kama ulichopewa ni namba fupi kama -6.7995 na 39.2824, hizo ni digrii za latitudo na longitudo. AutoCAD itazipokea kama mita, bila kunung'unika. Zibadilishe kwanza.

Utajua umefaulu: unaweza kuandika juu ya karatasi, kwa kalamu, "X = hii, Y = hii, kanda fulani, datamu fulani".

Hatua ya 2: Tayarisha faili

Andika UNITS, Enter. Chagua Decimal, usahihi 0.000, na Insertion scale iwe Meters. Usahihi huu unahusu kinachoonyeshwa tu, kwani programu yenyewe hutunza tarakimu nyingi zaidi. Lakini ukiuacha kwenye 0, uhakiki wako utakuonyesha namba zilizokatwa na hutaona kosa la sentimita 40.

Andika UCS, Enter, kisha W, Enter. Hii inarudisha mhimili wa dunia. Ukirithi faili la mtu aliyezungusha mhimili ili jengo lake likae wima kwenye skrini, kila koodineti utakayoandika itafuata mzunguko wake.

Andika PTYPE, chagua alama ya X, na weka ukubwa wa uniti 1 halisi badala ya asilimia ya skrini. Pointi ya kawaida ya AutoCAD ni kidoti kisichoonekana. Sehemu ya wale wanaosema "skrini tupu" wana pointi zote mahali pake, hawazioni tu.

Hatua ya 3: Safisha namba

Kwenye AutoCAD koma haitenganishi maelfu. Inatenganisha X na Y. Desimali ni nukta, hata kama kompyuta yako imewekwa lugha inayotumia koma.

Angalia hatari yake. Ukiandika 531,204.310 kama E peke yake, AutoCAD inaelewa X ni 531 na Y ni 204.310, na inaendelea. Ukiandika 531,204.310,9248417.560 inaelewa kwamba X ni 531, Y ni 204.310, na kimo ni zaidi ya kilomita elfu tisa juu. Hiyo nayo inakubalika! Ujumbe wa kosa utauona tu vipande vikizidi vitatu.

Nafasi nayo ni Enter. Wengi huandika koma, wakaacha nafasi kama kwenye barua, kisha N. Programu inakuwa imeshapokea nusu ya koodineti na kuikataa.

Namna sahihi ni moja: 531204.310,9248417.560. Hakuna koma ya maelfu, hakuna nafasi, hakuna herufi E wala N.

Hatua ya 4: Weka bikoni ya kwanza, kisha usomewe

Andika POINT, Enter, kisha 531204.310,9248417.560, Enter. Baada ya hapo Z, Enter, E, Enter, ili skrini ikufuate ilipo pointi. Faili jipya hufunguka karibu na 0,0, na bikoni yako iko maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Sasa andika ID, Enter. Bonyeza F3 kama mshiko wa vitu (object snap, unaovuta mshale hadi kwenye pointi au kona) umezimwa, hakikisha Node imechaguliwa kwenye orodha yake, kisha gusa alama ya X. Mstari wa amri utakusomea X, Y na Z.

Utajua umefaulu: X = 531204.310, Y = 9248417.560, Z = 0.000. Ikitofautiana hata tarakimu moja, futa na urudi hatua ya 3. Usiendelee kwa matumaini kwamba itajirekebisha.

Hatua ya 5: Chora mpaka, na uelewe kwa nini pointi ya pili hukimbia

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo twende taratibu.

AutoCAD ina mahali pawili pa kuandikia. Kuna mstari wa amri chini ya skrini, na kuna visanduku vinavyotembea na mshale wa kipanya, vinavyowashwa na kuzimwa kwa F12. Kwenye mstari wa amri, koodineti isiyo na alama yoyote huhesabiwa kutoka 0,0. Kwenye visanduku vya mshale, kuanzia pointi ya pili, koodineti isiyo na alama huhesabiwa kutoka pointi iliyotangulia.

Kwa hiyo unaandika A, inakaa. Unaandika B ukiwa na visanduku, na programu inaijumlisha juu ya A. Badala ya X = 531233.870, Y = 9248422.770, unapata X = 1062438.180, Y = 18496840.330. Mstari wako una urefu wa zaidi ya kilomita 9,000. Kutoka Dar es Salaam hiyo ni kuvuka Uturuki na Urusi na kuzama bahari ya Aktiki. Ukiona ID imekupa namba iliyo karibu mara mbili ya uliyoandika, usitafute sababu nyingine.

Dawa ziko tatu, chagua moja na uizoee:

- Bonyeza F12 kuzima visanduku kabla ya kuanza. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi za viwanja, kwa sababu hakuna cha kukumbuka katikati ya kazi.
- Weka alama # mbele ya kila koodineti: #531233.870,9248422.770. Inailazimisha programu ihesabu kutoka 0,0.
- Andika DYNPICOORDS, Enter, 1, Enter. Visanduku vinabaki, lakini vinasoma kutoka 0,0. Inafaa kwa anayefanya kazi za ardhi tu. Anayechora vyumba asubuhi na viwanja jioni itamchanganya.

Alama ya @ ni kinyume cha #. Inasema "kutoka pointi iliyopita". @29.560,5.210 ukiwa umesimama A inakupeleka B ileile.

Sasa chora, F12 ikiwa imezimwa:

PLINE, Enter
531204.310,9248417.560, Enter
531233.870,9248422.770, Enter
531237.340,9248403.070, Enter
531207.780,9248397.860, Enter
C, Enter

Ile C ya mwisho inafunga umbo. Usiandike koodineti ya A tena badala yake. Kwa macho ni sawa, lakini kwa programu ni mstari ulio wazi ambao miisho yake imegusana tu, na baadaye utasumbuka unapotaka umbo lililofungwa kwa kazi nyingine.

Tumia PLINE, si LINE, kwa sababu kiwanja kinakuwa kitu kimoja chenye eneo linalosomeka.

Utajua umefaulu: baada ya Z na E unaona kiwanja kimoja kimejaa skrini, kimeinama kidogo. Ukiona mstari mrefu wenye kidoti mwishoni, bikoni moja imekimbia.

Hatua ya 6: Ukiwa na bearingi na umbali tu

Baadhi ya ramani hukupa koodineti ya bikoni moja, na bikoni zinazobaki kwa bearingi (pembe ya mwelekeo) na umbali. Andiko lake ni @umbali<pembe.

Mtego ni kwamba mpima huhesabu pembe kutoka kaskazini kufuata mwendo wa saa, na AutoCAD ikiachwa ilivyo huhesabu kutoka mashariki kinyume na saa. Upande wa A kwenda B una bearingi ya 80°00'15", yaani karibu mashariki kabisa. Ukiiandika bila kubadilisha mipangilio, mstari utapanda karibu kaskazini kabisa.

Rudi UNITS. Chagua Deg/Min/Sec, usahihi hadi sekunde, weka tiki kwenye Clockwise, kisha bonyeza Direction na uchague North. Sasa andika PLINE, koodineti ya A, kisha:

@30.016<80d0'15"
@20.003<170d0'37"
@30.016<260d0'15"
C

Alama ya digrii huandikwa kwa herufi d.

Kabla ya kubonyeza C kwenye kiwanja halisi, andika hata upande wa mwisho kutoka kwenye ramani na upime kwa DIST pengo linalobaki hadi A. Milimita chache ni za kukadiria desimali. Sentimita 30 maana yake kuna namba umeisoma vibaya, na ukifunga kwa C utakuwa umeificha.

Ukimaliza, rudisha East na uondoe tiki ya Clockwise. Ukisahau, maandishi na alama utakazoziweka baadaye zitaanza kuhesabu pembe zake kutoka kaskazini, na mwenzako atakayefungua faili atadhani limeharibika.

Hatua ya 7: Pointi nyingi kwa mkupuo

Kuandika bikoni 80 kwa mkono ni kutafuta makosa. Kwenye Excel weka E safu ya A, N safu ya B, na kwenye C2 andika:

=TEXT(A2,"0.000")&","&TEXT(B2,"0.000")

Buruta chini. TEXT inahakikisha tarakimu tatu za desimali zinabaki. Kama matokeo yanaonyesha koma mahali pa nukta ya desimali, badilisha mipangilio ya kieneo ya kompyuta kabla ya kuendelea.

Zima F12 na F3. Andika PLINE, Enter, bofya ndani ya mstari wa amri, kisha bandika safu ya C. Kila mstari wa Excel unakuwa Enter moja.

Ukipenda kutumia faili la skripti, andika PLINE kwenye mstari wa kwanza wa Notepad, koodineti chini yake, hifadhi kwa mwisho wa .scr na uliite kwa amri SCRIPT. Hapa F3 ni lazima izimwe. Kwa mipangilio ya kawaida, koodineti unayoandika kwa kibodi inalindwa dhidi ya mshiko wa vitu, lakini ya skripti hailindwi, na pointi inaweza kuvutwa na kona ya jirani bila wewe kuona.

Baada ya kubandika, kagua bikoni ya kwanza, ya mwisho na moja ya katikati kwa ID.

Hatua ya 8: Uhakiki

Chagua mpaka, andika LIST, Enter. Kwa mfano wetu inapaswa kusema umefungwa, eneo 600.411, mzingo 100.038, na koodineti za kona zote nne.

Wengi huishia kwenye eneo: likilingana na hati wanatuma faili. Eneo halitoshi. Ukigeuza E na N kwenye bikoni zote, eneo ni lilelile, pande ni zilezile, na kiwanja kimepinduka kama kwenye kioo. Ukikosea datamu, eneo pia linatimia. Eneo na urefu wa pande hukamata tarakimu iliyosomwa vibaya. Haviwezi kukamata mahali palipokosewa.

Kwa hiyo ongeza ukaguzi wa aina mbili. Kwanza, zunguka umbo kwa macho: kwenye ramani, ukitoka A kwenda B unaelekea mashariki, na C iko kusini ya B. Je, kwenye skrini ni hivyo? Pili, linganisha na kitu ambacho hukukichora wewe, kwa mfano bikoni ya kiwanja cha jirani kutoka ramani nyingine ya mfumo uleule, au picha ya anga ndani ya QGIS. Pengo la karibu mita 300 likitokea, rudi kwenye datamu.

Hatua ya 9: Kumkabidhi msanifu

Msanifu majengo huchora kwa milimita karibu na 0,0, na kitu cha kwanza anachotaka ni kuburuta kiwanja chako hadi hapo. Usimfanyie hivyo kwenye faili mama. Mchoro ukishahamishwa kwa MOVE, koodineti zimepotea, na siku ya kuweka nguzo za jengo mpima hatakuwa na cha kuingiza kwenye mashine yake.

Mpe njia hii: aandike UCS, Enter, kisha aguse bikoni A kama chanzo kipya na bikoni B kama mwelekeo wa X, Enter. Akiongeza PLAN na Enter mara mbili, kiwanja kinakaa sawa kwenye skrini, A inasomeka 0,0, na mahali pake duniani hapajaguswa. UCS, W inarudisha kila kitu. Akisisitiza kufanya kazi kwa milimita, afungue faili lake mwenyewe lenye Insertion scale ya Millimeters na kuliingiza lako kama XREF, yaani faili la nje linaloonekana ndani ya lake. Mita zitakuzwa mara 1000 zenyewe, mradi Meters uliyoiweka hatua ya 2 ipo. Usimwandikie 531204310 kwa mkono.